Filta iliyoachiwa huru saa tano: kisa cha lenzi ya 600 pale Sabaki

Aliiweka juu ya kaunta yangu, imeviringishwa kwa kanga ya mamake, akasema, "Kaka, mimi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika, nami nilikuwa nakata picha za pasipoti za wanafunzi wanne waliokuwa wakisubiri nje. Nikaifunua kanga. Ndani mlikuwa na lenzi ya zumu ya milimita 150 hadi 600, ile ambayo tundu lake ni f/5 ikiwa fupi na f/6.3 ikishavutwa mpaka mwisho, uzito wake karibu kilo 2, haina kovu hata moja. Mbele ilikuwa imefungwa filta ya UV ya milimita 95, kile kioo bapa cha kukinga lenzi, zawadi ya muuzaji. Aliinunua mkononi, Mombasa, kwa fedha alizodunduliza misimu miwili akiwatembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege pale Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Kwake yeye lenzi ni chombo cha kazi. Mgeni akiona picha safi ya ndege wa jana, kesho anampigia simu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kilitula wiki tatu, watu watano na kamera zetu na ujuaji wetu, na jibu lilikuwa limetajwa jioni ya kwanza likakataliwa.

Kadi yake ilikuwa na picha mia kadhaa za tangu Novemba. Lenzi ikiwa kwenye 150, picha safi: mitumbwi, wavuvi, viboko waliotoa masikio tu juu ya yale maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiivuta hadi 600, mambo yanaharibika. Kulikuwa na heroe mmoja, kasimama peke yake kama hatua hamsini hivi, jua la asubuhi limempiga ubavuni. Rangi ya waridi ipo, jicho lipo, mguu mmoja kaukunja kama wanavyofanya. Manyoya ndiyo hayapo. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta, shingo ilikuwa kama pamba iliyolowa, na ukingo wa mdomo ulikuwa na mistari miwili, wa pili umefifia pembeni ya wa kwanza, kama mtu aliyechora kwa kalamu ya risasi kisha akarudia mkono ukiwa umeteleza. Niliiona mistari ile. Sikuipa uzito.

Baada ya sala ya isha huwa tunakaa kwenye baraza la studio, kahawa na kashata, mazungumzo ni kamera tu mpaka wake zetu wapige simu. Yupo mpiga picha wa harusi. Yupo mwalimu mstaafu aliyeanza enzi za filamu na bado anazihifadhi negativu zake kwenye kopo la biskuti. Yupo fundi wa simu anayefungua na kamera ukimbembeleza. Yupo kijana wa droni anayerekodia mahoteli. Jioni ile lenzi ilizungushwa kutoka mkono hadi mkono kama mtoto mchanga, na kila mtu akatoa dawa yake.

"Mkono wako huo," alisema mpiga picha wa harusi. Hoja yake haikuwa mbaya. Kamera ya kijana ina sensa ndogo, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ambayo hukata picha kiasi kwamba 600 inaona kama 900, na kanuni ya zamani inataka kasi ya shata isipungue namba hiyo: sehemu moja ya elfu moja ya sekunde, kwa uchache. Picha ya heroe ilipigwa kwa 1/640. Basi lenzi ikalaumiwa kwa kosa la mkono. Lakini wiki iliyofuata kijana alirudi na picha za 1/2000, kamera imekalia mfuko wa mchanga juu ya boneti ya gari, injini imezimwa. Pamba ileile. Dawa ya kwanza ikaisha hapo na sina zaidi la kusema juu yake.

Fundi alichukua tochi, akaimulika lenzi kwa nyuma huku anachungulia mbele. Hivyo ndivyo kuvu hutafutwa: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, au madoa yenye ukungu kingoni mwa kioo. Hapa kwetu pwani kuvu ni jirani. Hewa ina unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyolala kabatini ndani ya mfuko wa ngozi miezi mitatu huamka na bustani. Fundi akasema anaona kitu kwenye kioo cha ndani, akataka shilingi 12,000 aifungue. Nami nilichungulia. Nilichoona ni chembe tatu za vumbi. Hata ingekuwa kuvu kidogo, kazi yake kubwa ni kufifisha: weusi unakuwa kijivu, mwanga ukiwa mbele yako picha inakuwa na ukungu mweupe. Picha za kijana zilikuwa na weusi wa kutosha. Kilichokosekana ni makali. Nilimwambia asilipe, na fundi alininunia siku mbili.

Mwalimu yeye aliishika kesi kwa upande mwingine kabisa. "Ulipiga saa ngapi?" akauliza, na aliposikia kwamba nyingi ni za saa tatu hadi saa tano za asubuhi, akatikisa kichwa. Mchanga wa Sabaki ukishapata jua, hewa iliyo juu yake huchemka. Tabaka za moto na za baridi zinapishana, kila moja inapinda mwanga kidogo kwa namna yake, na wewe uliyelala kifudifudi na lenzi ndefu unapiga picha kupitia mita mia mbili za hewa inayocheza. Ndiyo mazigazi yaleyale yanayokuonyesha maji barabarani ambako hakuna maji. Hakuna lenzi inayotibu, hakuna shata inayotibu. Kisha Mwalimu, kama kawaida yake, akaenda mbali: akatukumbusha kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, iende ikachunguze eksirei za nyota, kwa sababu hewa ya dunia haiziachi zifike chini. "Watu walitoka nje ya hewa kabisa ili waone," akasema, "na wewe unataka kupenya mchanga wa saa tano?"

Tulicheka, na hoja ikaonekana imeshinda. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliotupoteza.

Kwa sababu mimi mwenyewe, jioni ileile, nilisema: "Toa hiyo filta kwanza tuone." Kijana akajibu pale pale, hata hakunywa kahawa yake: "Nilishaitoa, kaka. Mwezi wa kumi na moja. Nilipiga nayo nikapiga bila yake, hakuna tofauti hata kidogo."

Basi. Nani abishane na mtu aliyekwisha jaribu? Na kijana wa droni akaongeza uzito: droni yake ina filta mbele siku zote, tena za bei ya chini kutoka mtandaoni, na picha zake ni kali kama wembe. Mpiga picha wa harusi naye ana filta ya UV juu ya lenzi yake ya harusi tangu aanze kazi, haijawahi kumkosea. Mashahidi watatu. Filta ikaachiwa huru, na sisi tukahamia kwenye ubishi juu ya fokasi.

Ubishi wa fokasi ulichukua wiki nzima, na nauandika kwa ufupi ingawa haukuwa mfupi. Kamera yenye kioo ndani hupima fokasi kwa sensa ya pembeni, tofauti na ile inayochukua picha, na zile mbili zikipishana kidogo, kamera hufokasi mbele au nyuma ya ndege. Kamera nyingi za aina hiyo zina sehemu ya kurekebisha kosa hilo kwenye menyu. Kijana alirekebisha kwa tarakimu za upande wa kulia, akarekebisha kwa za upande wa kushoto, akarudi katikati. Ila fokasi iliyokosea ina alama yake: kama ndege si mkali, basi kitu kingine ni kikali. Utaona punje za mchanga sentimita chache mbele yake zimesimama wazi, au jani la nyuma. Kwenye picha za kijana nilitafuta mchanga ulio mkali, mbele, chini ya miguu, nyuma. Hakuna mahali. Picha nzima ilikuwa pamba kwa usawa. Hilo nililiona siku ya kumi na moja, na ningeliona siku ya kwanza kama ningeacha kusikiliza na nikaangalia.

Kuna jambo la pili nililoliona siku hiyohiyo. Niliweka pembeni picha za saa tano, nikachukua za alfajiri tu, zile za kabla ya saa moja na nusu. Mazigazi hayakai kimya: katika picha kumi zilizopigwa mfululizo, moja inatoka nzuri, mbili zimepinda shingo, nyingine mdomo umevimba, kwa sababu hewa inacheza. Kosa lake hubadilika kila sekunde. Picha za alfajiri za kijana zilikuwa kumi na mbili za ndege mmoja, kitwitwi aliyekuwa karibu sana, na zote kumi na mbili zilikuwa mbovu kwa namna ileile moja, mistari miwili upande uleule. Hewa haiwezi kufanya hivyo. Kitu kinachokosea vilevile mara kumi na mbili kimefungwa kwenye kamera.

Nikampigia simu.

"Ile siku ulipoitoa filta, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano hivi. Wageni walikuwa wameshaondoka, nikapata nafasi."

"Ukampiga nani?"

"Buabua. Lile kundi linalokaa ule mchanga wa ng'ambo."

Saa tano asubuhi, ng'ambo ya mkono wa mto, Novemba. Alipiga picha kumi na filta na kumi bila filta kupitia hewa inayochemka, zote zikawa uji, na uji ukilinganishwa na uji hauna tofauti. Jaribio lilifanywa kwa uaminifu kabisa. Lilifanywa tu katika saa ambayo kosa kubwa lilifunika kosa dogo. Kisha sisi wanne wenye ndevu tukalipokea bila kuuliza saa.

Kesho yake tukapanda dari la studio, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, upepo bado haujaamka. Ukuta wa jirani uko kama mita 20 kutoka hapo, umeelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi ni kivuli na ni baridi. Nilibandika kurasa mbili za Taifa Leo zilizofunguliwa, upande wa matangazo madogo ambako maandishi ni ya kubanana. Kamera juu ya tripodi, mfuko wa mchanga umening'inizwa katikati ya miguu yake, kidhibiti cha mtikisiko kwenye lenzi kimezimwa, kwa kuwa lenzi nyingine zikiwa juu ya tripodi hujitikisa zenyewe zikitafuta mtikisiko usiokuwepo. Fokasi tuliifanya kwa mkono, tukitazama skrini ya nyuma ikiwa imekuzwa, ili ile sensa ya pembeni isiwe na kisingizio. Shata kwa saa ya sekunde 10, mtu asiiguse kamera.

Ya kwanza na filta. Halafu tukataka kuitoa, haikutoka.

Hapo nikaelewa filta ile ilivyoishi. Chumvi ya miezi miwili ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za bati, na pete ya milimita 95 ni pana kiasi kwamba ukiibana kwa vidole inajipinda kuwa yai kidogo na kushika zaidi. Kijana alikaza mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikamwambia aache. Nilishuka chini, nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili, nikauzungusha kwenye pete mara mbili bila kubana. Siri ni kuigusa pete pande zote kwa usawa na kuzungusha bila kukandamiza. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayesaga chembe ya mchanga kwa jino, ikaachia. Unga mweupe wa chumvi ulibaki kwenye nyuzi. Tulifuta kwa brashi, lenzi ikiwa imeinamishwa ili unga usidondokee kioo.

Ya pili bila filta. Fokasi upya. Kisha tukairudisha filta, tukaitoa, tukairudisha, hadi tukawa na jozi tano zinazopokezana, kwa sababu jozi moja inaweza kudanganya: labda tripodi ilizama, labda fokasi ilikosewa mara moja. Jozi tano zikisema neno moja, limesemwa.

Tulishuka kwenye kompyuta. Kwenye picha za filta, herufi ya "a" na ya "o" zilikuwa zimezibika, huwezi kuzitenganisha, na kila herufi ilikuwa na kivuli chake upande wa kulia. Kwenye picha zisizo na filta nilisoma tangazo la ploti inayouzwa, namba ya simu nzima, na nukta iliyochapwa vibaya mwishoni mwa sentensi. Kijana hakusema kitu. Alizipitisha picha zote kumi mara mbili, kisha akauliza kama anaweza kupiga simu nje.

Sasa kwa nini. Na kwa nini filta ya droni haina neno, na ya harusi haina neno, na hii inaua picha?

Chukua urefu wa lenzi, ugawe kwa ile namba ya f. Unapata upana wa tundu ambalo mwanga unapitia, ukilitazama kutoka mbele. 600 kwa 6.3 ni 95. Filta ni ya milimita 95. Maana yake mwanga unaotoka kwenye jicho la heroe, nukta moja tu, unaingia kwa kupitia filta nzima, ukingo hadi ukingo, na wote lazima ukutane tena mahali pamoja kwenye sensa. Ufikirie kama juya linalovutwa: watu thelathini kamba moja, wote wakielekea sehemu moja ya ufuko. Kioo kikiwa na wimbi hata dogo, watu kumi wanavuta pembeni. Samaki watafika, lakini hawatafika mahali pamoja. Na lenzi ndefu inakuza kila kitu, pamoja na upotofu huo.

Lenzi ya harusi ni 18 ikiwa pana, f/3.5. 18 kwa 3.5 ni milimita 5 na kidogo. Kila nukta ya picha inapitia kipande cha filta kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, na katika kipande kidogo hivyo kioo cha ovyo nacho kinaonekana kimenyooka. Droni ndiyo kabisa: kamera yake ni ndogo, tundu lake halifiki hata milimita 2. Ungeweza kuiwekea chini ya chupa ya soda ukapata picha, natania, lakini si sana. Ushahidi wa wale mabwana wawili ulikuwa wa kweli na haukuhusu kesi hii.

Hesabu hiyo inajibu pia mambo mengine yaliyotuchanganya. Lenzi kwenye 150 ilikuwa safi kwa kuwa 150 kwa 5 ni milimita 30 tu. Na kijana alikuwa amegundua kwamba akifunga tundu hadi f/11 picha inapata nafuu, jambo ambalo kijana wa droni alilitumia kuthibitisha kwamba "zumu zote hulegea mwishoni, hiyo ndiyo tabia yake". 600 kwa 11 ni kama 55, yaani zaidi ya theluthi mbili ya eneo la filta haitumiki tena. Lenzi mbovu nayo ingeonyesha dalili hiyo hiyo, ndiyo maana dalili peke yake haikutosha.

Nilitaka kumwona mhalifu kwa macho. Nikaenda mlangoni, nikaishika filta karibu wima, nikaangalia ndani yake taswira ya waya wa umeme unaopita barabarani, kama unavyoangalia kwenye kioo cha kujitazamia. Nilipoizungusha taratibu, waya ulipinda ukawa kama nyoka anayemeza, ukanyooka, ukapinda tena. Na waya zilikuwa mbili: moja kutoka uso wa mbele wa kioo, moja kutoka uso wa nyuma, na hazikulaliana. Kioo chenye nyuso mbili sambamba, kikitazamwa kitu cha mbali, hutoa taswira moja. Hiki kilikuwa kabari. Nilichukua filta nzuri niliyonayo ya miaka mingi, nikafanya hivyohivyo, waya ukabaki waya. Jaribio hili halina gharama yoyote na unaweza kulifanya dukani kabla hujatoa pesa, mwenye duka akikutazama kwa mshangao.

Kuhusu hiyo UV yenyewe: kwenye filamu ilikuwa na kazi, kwa sababu filamu huona mionzi hiyo na milima ya mbali hutoka na ukungu wa buluu. Sensa za siku hizi zina kioo chake mbele kinachoizuia mionzi hiyo. Kwa hiyo leo filta ya UV ni kinga ya kioo tu, na swali ni kinga dhidi ya nini. Kijana wa droni, ambaye sasa alikuwa amegeuka mpelelezi, alitaka kuzitupa filta zake zote. Nikamzuia. Zake ni za kupunguza mwanga na zina kazi yake. Tundu la droni yake halifungiki, liko f/2.8 daima. Jua la mchana la Malindi kwenye ISO 100, usikivu wa chini wa sensa, litamlazimisha apige 1/3200, na video ya fremu 25 kwa sekunde inataka 1/50, la sivyo mawimbi yanaruka badala ya kutembea. Tofauti hiyo ni mara 64, na ndiyo filta iliyoandikwa ND64. Kitu ambacho ningemwambia atupe ni zile kinga za plastiki alizoyavisha mapangaboi. Julai, kwenye kusi, zilishika upepo kama tanga na droni ikarudi nyuma huku imeelekezwa mbele, akaikamata ikiwa na asilimia 9 za betri. Na kwa Sabaki, aiache nyumbani kabisa, mbali na suala la idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na kiwanja cha ndege kuwa mjini mwetu: niliwahi kuona droni ya mtu ikiinua kundi zima la buabua kutoka mchangani, na halikutua tena asubuhi ile.

Mpiga picha wa harusi hakukubali kushindwa moja kwa moja. "Haya, toeni. Chumvi ikila kioo cha mbele mtaniambia." Ana haki ya kuogopa chumvi. Ukisimama dakika ishirini karibu na mawimbi ya kaskazi, kioo kinapata utando unaonata. Lakini kioo cha mbele kinafutika. Kinachokichuna ni kufuta kikavu, ukiburuta punje za chumvi na mchanga. Unapuliza kwanza kwa mpira wa hewa, unayeyusha chumvi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi ya kunywa au dawa ya lenzi, ndipo unakausha. Ile kofia ndefu ya mbele, ambayo kijana alikuwa ameigeuza nyuma ili lenzi iingie mfukoni, inakinga rasharasha na vidole vya wageni kuliko filta yoyote. Zipo lenzi ambazo watengenezaji wenyewe wanasema kinga yake ya maji na vumbi haikamiliki bila filta mbele. Ukiwa nayo, nunua filta iliyosuguliwa kweli pande zote mbili, na kwa milimita 95 ujue utalipa. Mpiga picha wa harusi aliendelea na yake, na kwa lenzi yake ile hana kosa.

Mimi nina la kujibu pia. Nilitumia asubuhi mbili nikimfundisha kijana namna ya kushika lenzi, kiwiko ubavuni, pumzi nusu, na alikuwa akiishika vizuri kunishinda. Na nililikubali jibu la "nilishajaribu" kwa sababu lilitolewa haraka na kwa uhakika. Siku hizi mtu akiniambia amejaribu, namwomba faili zenyewe, si maneno. Saa ya picha imeandikwa ndani ya faili, na ingeniambia yote jioni ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Sabaki wote isipokuwa fundi. Tuktuk hadi darajani, kisha kwa miguu, giza bado. Jua lilitoka baharini tukiwa tumeshalala mchangani, migongo ikielekea mashariki. Heroe walikuwa tisa. Picha za kabla ya saa moja na nusu zilikuwa na kila unyoya, na kwenye mmoja wao uliweza kuona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo mweusi. Kufikia saa tatu zikaanza kulegea, sasa kwa namna ile ya mazigazi, moja nzuri na nne za kutupa, na Mwalimu akawa anatutangazia kila dakika kumi kwamba alisema. Alisema kweli. Mwenye lenzi alifunga begi saa tatu na robo, akasema wageni wake sasa watakuwa wanaamshwa saa kumi na moja, wapende wasipende.

Filta aliniachia. Iko juu ya kaunta, imekalia rundo la picha za pasipoti zisipeperushwe na feni.